Ekari 14 za nyasi Rongai: trekta ya hp 25, ya hp 75, au ya katikati?

Swali: Habari Fundi. Nina ekari 14 za nyasi ya Boma Rhodes hapa Rongai, Kaunti ya Nakuru, na ng'ombe tisa wa maziwa. Nyasi zinazobaki nauza. Miaka yote nimekuwa nikikodi: trekta ya kukata, kisha reki, kisha mwenye beila, ile mashine ya kufunga nyasi marobota. Msimu uliopita nyasi zilikuwa zimekauka vizuri kabisa, mwenye beila akachelewa siku tatu, mvua ikazikuta chini. Nimechoka. Nataka trekta yangu. Muuzaji mmoja mjini anasema trekta mpya ndogo ya hp 25 (nguvu za farasi) itanitosha. Shemeji yangu, ambaye hukodisha trekta ya kulima mahindi kule Njoro, anasema nisiguse chochote chini ya hp 75. Upande wa chini wa shamba una mteremko wa kiasi. Nimsikize nani?

Jibu: Dada, pole sana kwa hasara. Nyasi iliyokwisha kukauka ikinyeshewa kabla ya kufungwa hupoteza utamu na majani, na ukilazimisha kuifunga ikiwa bado ina unyevu huvunda ndani ya robota. Mnunuzi hulipasua moja, ananusa, anaondoka. Ng'ombe naye hatoi maziwa ya maana kutoka kwa nyasi ya namna hiyo.

Nianze na jibu lenyewe. Hp 25 usinunue kwa kazi hii. Hp 75 si lazima. Tafuta trekta ya hp 50 hadi 60, yenye klachi ya hatua mbili au PTO (shafti ya nyuma inayozungusha mashine) inayojitegemea, na yenye uzito wa tani mbili kwenda juu. Kwa sababu ya ule mteremko wako, ningeegemea 60 kuliko 50. Tofauti ya bei kati ya hiyo na ya hp 75 uiweke kando, usiiguse, kwa maana kuna kitu kingine unachokihitaji kuliko ukubwa wa trekta, na barua yako imekitaja bila wewe kukiona.

Soma tena ulichoandika. Aliyekuchelewesha ni mwenye beila. Nyasi zilikuwa zimekatwa kwa wakati, zimekauka, zinangoja kufungwa. Ukinunua trekta leo, iwe ya 25 au ya 75, halafu msimu ujao uendelee kungoja beila ya mtu, mvua itakupata pale pale. Utakuwa na trekta mpya imesimama chini ya mwembe, na nyasi zimelala shambani. Kwa hiyo swali lako la trekta ni swali la beila: ni beila gani utakayoimiliki, peke yako au na wenzako, na ni trekta gani itakayoiendesha bila kuhangaika? Ukianzia hapo, ukubwa unajitokeza wenyewe.

Muuzaji na shemeji, pamoja na kupingana kwao, wamefanya jambo moja: wamepima trekta kwa ekari au kwa kazi nyingine. Ukubwa wa trekta huamuliwa na ile mashine moja inayodai nguvu nyingi kuliko zote utakazofunga nyuma yake. Kwenye nyasi kavu, reki ya magurudumu haidai kitu. Hata trekta ya hp 20 huivuta siku nzima. Moa ya dramu, mashine ya kukatia nyasi, ya mita 1.65 huhitaji trekta ya hp 35 hadi 50 kulingana na uzito wa nyasi. Beila ya marobota madogo ya mraba, haya tunayopakia kwenye pikapu, huhitaji angalau hp 35 zilizofika kwenye PTO. Hilo neno "zilizofika" ndilo lenye uzito, na ndipo hesabu ya muuzaji wako inapovunjika.

Namba iliyobandikwa kwenye boneti ni nguvu ya injini. Kabla haijafika kwenye shafti ya PTO hupita kwenye gia na beringi, na huko hupotea asilimia 10 hadi 15. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wetu hawalitaji kabisa, nalo ni mwinuko. Injini ya dizeli isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, huvuta hewa jinsi ilivyo. Huku juu hewa ni nyepesi, oksijeni ya kuunguzia mafuta ni kidogo, na nguvu hushuka. Kanuni tunayoitumia mafundi ni kwamba injini kama hiyo hupoteza karibu asilimia 3 kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Nakuru uko kwenye mita 1,850 hivi, na Rongai haiko mbali na hapo. Hiyo ni asilimia 15 hadi 18 iliyokwenda na upepo, hata kama trekta imetoka kwenye kontena jana.

Tupige hesabu. Trekta ya hp 25: toa zinazopotelea kwenye gia, zinabaki kama 22, toa za mwinuko, zinabaki 18. Ni nusu tu ya kile beila inachotaka. Trekta ya hp 50: kwenye PTO ni 43, na baada ya mwinuko ni 36. Inatosha, lakini haina akiba. Ikikutana na mstari mnene wa nyasi huku inapanda, utasikia injini ikizama. Trekta ya hp 60 inabaki na 43 hapo Rongai, na hizo nane za ziada ndizo zitakazokupandisha mteremko huku beila inakula nyasi. Ya hp 75 inabaki na 54, nyingi kuliko beila hiyo itakavyoweza kuzitumia.

Msomaji aliye Molo au Mau Narok, kwenye mita 2,500 au zaidi, ajihesabie hasara kubwa kuliko hii. Aliye Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ana nafuu. Injini yenye tabo haiumii kiasi hiki kwa sababu tabo huisukumia hewa. Ukikutana na trekta ya hp 50 yenye tabo, huku kwetu ihesabu kama ya 55 isiyo nayo.

Nguvu ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni uzito, na hii watu huipuuza hadi siku ya ajali. Beila ndogo ya mraba ina uzito wa kama tani moja na robo hadi moja na nusu. Ndani yake kuna bastola inayosukuma nyasi mara 80 hadi 100 kwa dakika, na kila pigo hulitikisa trekta mbele na nyuma. Trekta ya hp 25 nyingi zina uzito wa tani moja hivi. Ni mbuzi aliyefungiwa mkokoteni wa punda: kwenye tambarare atajikaza, lakini kwenye mteremko mkokoteni ndio utakaomwongoza. Beila ikianza kuisukuma trekta kutoka nyuma, hasa kukiwa na umande au nyasi zilizolala chini, tairi huteleza na breki hazikusaidii. Ndiyo maana nasema tani mbili kwenda juu, na vyuma vya uzito pale mbele ili usukani usiwe mwepesi moa inapoinuliwa.

Kwa upande wako wa chini, trekta ya kuvuta kwa magurudumu manne ina faida ambayo haisemwi sana: ukishuka na gia ndogo, magurudumu ya mbele nayo hushika na kuzuia mwendo. Kama bei yake inakushinda, ya magurudumu mawili itafanya kazi, mradi ufuate mambo matatu. Panua nafasi kati ya magurudumu ya nyuma kadiri ekseli inavyoruhusu. Funganisha pedeli mbili za breki kwa ile klipu yake, zisifanye kazi moja moja. Na pale mteremko ulipo mkali, fanya kazi ukipanda na kushuka, usiukate kwa kuupita ubavuni. Trekta nyingi kuukuu hazina fremu ya chuma ya kumlinda dereva trekta likipinduka. Ukinunua isiyo nayo, itengenezwe na mtu anayejua kuifunga kwenye ekseli, siyo kuchomelea bomba mbili juu ya madigadi na kuita kazi.

Sasa nimtendee haki muuzaji. Trekta ya hp 25 si mbaya, ila kwa mtu mwingine. Mwenye ekari tatu au nne, shamba tambarare, anayekata kwa moa ya visu vya kwenda na kurudi na kufunga kwa boksi la mbao, itamfaa vizuri sana, na itamvutia maji, samadi na mahindi mwaka mzima. Ziko pia beila ndogo za marobota ya duara zilizotengenezwa kwa trekta ndogo. Lakini ukishatoa hasara ya mwinuko, hata hizo zinaifikisha trekta ya hp 25 ukingoni, na kwenye mteremko robota la duara linajua njia moja tu, ya kwenda chini. Zaidi ya hayo, wanunuzi wako wa barabara ya Nakuru na Eldoret wamezoea robota la mraba. Linapangika kwenye lori, linapangika kwenye banda, na hata mwenye bodaboda hulifunga nyuma akaenda.

Shemeji naye ana haki yake. Kwa kulima ana ukweli wote. Jembe la diski tatu kwenye udongo wa Njoro uliokauka linataka trekta ya hp 75, na ya 50 italia. Kama mpango wako ni kulimia majirani mahindi na ngano kuanzia Januari ili trekta ijilipe, basi ushauri wake unakuwa ushauri mzuri, na kazi ya nyasi itafanyika pia. Sikuona hilo katika barua yako. Ulichoniambia ni nyasi, ng'ombe tisa, na kuchoka kungoja. Kwa kazi hiyo, trekta kubwa ni uzito ambao shamba lako litaubeba kila kata. Boma Rhodes huchipua upya kutoka kwenye visiki na kwenye vikonyo vyake vinavyotambaa juu ya udongo. Ukivikanyaga na trekta zito udongo ukiwa bado na maji, kata inayofuata utaiona imepungua kwenye njia za tairi. Kisha kuna dizeli. Beila inataka PTO izunguke mara 540 kwa dakika, na kwenye trekta nyingi hilo hupatikana tu injini ikiwa juu, kwa hiyo injini kubwa hunywa hata kama kazi ni ndogo. Zipo zenye PTO ya uchumi inayofikia 540 injini ikiwa chini. Ukiamua kwenda na kubwa, ulizia hiyo.

Kuhusu muda, ambao ndio unaokuuma, wengi hudhani trekta kubwa huharakisha kazi. Hebu tuone. Moa ya mita 1.65 ikienda kilomita 8 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuka na kusafisha, hukata karibu ekari mbili na nusu kwa saa. Ekari tano unazikata kwa saa mbili asubuhi, na hiyo ni kwa trekta ya hp 50. Siku mbili au tatu za jua zinafuata, ukigeuza nyasi mara moja au mbili. Siku ya kufunga, huwezi kuanza kabla umande haujaisha, tuseme saa tano, na kufika saa kumi jioni mawingu ya Mau yanaweza kuwa yamekuja. Una saa tano. Beila ya kawaida kwenye mashamba yetu, ukihesabu kamba kukatika na kuongeza nyuzi, hutoa marobota 150 kwa saa bila kukimbizana. Hayo ni marobota 750. Kama kata yako ni nzuri ya marobota 150 kwa ekari, umemaliza ekari tano.

Kwa hiyo ekari tano ndizo kipimo chako cha siku, na shamba lako ligawe mara tatu. Usikate ekari 14 kwa mkupuo hata siku moja, hata kama jua linawaka kama la Turkana. Kata tano, funga tano, kisha uende kwa nyingine. Nakuru ina mvua za Machi hadi Mei, kisha Agosti huwa na yake, kisha zile za Oktoba na Novemba. Nafasi ndefu ya uhakika ni Januari na Februari. Zilizobaki ni vidirisha vya siku nne au tano. Anayekata kidogo kidogo hupita kwenye vidirisha hivyo, na akipoteza, amepoteza theluthi.

Na marobota 750 ya kilo 15 ni zaidi ya tani 11 za nyasi zilizotapakaa shambani saa kumi jioni. Nani atazibeba? Hili huwa sisikii likiulizwa, na ndilo linalowanyima watu usingizi. Trela nzuri na vijana watano wana thamani kuliko hp 15 za ziada. Weka trela kwenye bajeti yako tangu siku ya kwanza. Kama banda liko mbali na shamba, fikiria kuwa na trekta ya kukodi ya kuvuta trela siku hiyo moja, huku yako ikiendelea kufunga.

Kuhusu moa, nakushauri ya dramu. Ni nzito, karibu kilo 400 kwa ile ya mita 1.65, lakini ni ngumu kuharibika, visu vyake ni rahisi kubadilisha, na fundi yeyote wa Nakuru ameshaifungua. Ya diski hukata vizuri na ni nyepesi kuvuta, ila jiwe moja likiipiga vibaya gharama yake utaijua. Ukiwa upande wa Gilgil au Elementaita kwenye mawe ya volkano, mimi singeigusa. Ya visu vya kwenda na kurudi haidai nguvu nyingi na hukata kwa usafi, lakini ni ya polepole na huziba nyasi zikilala. Slasha, ile ya kufyekea vichaka, usiikaribishe kwenye nyasi ya kuuza; huikatakata vipande vifupi ambavyo beila haiviokoti, na nusu ya majani yako inabaki ardhini. Kata ukiacha sentimita 5 hadi 10 za kisiki, nyasi zinapoanza kutoa maua, siyo baada ya mbegu kukomaa.

Nirudi kwenye trekta, kwenye jambo ambalo kwangu ni la kufa na kupona kuliko hata hp: klachi. Beila inahitaji PTO iendelee kuzunguka wakati trekta imesimama. Utakutana na tuta kubwa la nyasi, utasimama, beila itamalizia kumeza, kisha utaendelea. Trekta yenye klachi ya hatua moja, ukikanyaga pedeli, husimamisha vyote viwili, na beila inaziba katikati ya mlo. Utashuka, utachomoa nyasi kwa mikono, utapanda, utaziba tena. Ekari tano zitakuwa siku tatu. Mbaya zaidi, kwenye trekta hizo za zamani, uzito unaozunguka ndani ya moa au beila huweza kuendelea kulisukuma trekta mbele hata baada ya kukanyaga klachi. Kwenye mteremko hilo ni hatari tupu.

Kulipima ni rahisi. Mwambie muuzaji awashe, aweke PTO na gia ndogo, trekta litembee. Kanyaga pedeli hadi nusu: trekta lisimame, PTO iendelee. Kanyaga mpaka chini: PTO nayo isimame. Kama vyote vinasimama pamoja, ama ni ya hatua moja au klachi imekwisha, na bei ishuke au uende kwingine. Matrekta ya karibuni yana PTO inayojitegemea kabisa, inayowashwa kwa mkono wake. Hiyo ni bora zaidi.

Ukitafuta iliyotumika, na kwa bajeti yako huenda ndiyo njia, eneo letu limejaa Massey Ferguson 240, yenye kama hp 50. Ni trekta nzuri, vipuri vyake viko kila mji, na kwenye tambarare itakufungia nyasi. Kwa mteremko wako itakuwa ukingoni, kwa hiyo usichukue iliyochoka. Fika asubuhi na mapema uiwashe injini ikiwa baridi. Inayowashwa kabla hujafika inaficha kitu. Moshi mweusi wakati wa kuongeza mzigo si neno, moshi wa bluu usioisha ni injini inayokunywa oili. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma uone kama inapumua kwa nguvu. Inua moa au kitu chochote kizito kwa haidroliki, zima, ngoja nusu saa. Kikishuka chenyewe hadi chini, kuna kazi ndani. Tazama meno ya shafti ya PTO. Yakiwa yamelika na kuchongoka, trekta hilo limefanya kazi nyingi ya aina hii hii, na hp zake hazipo tena zote. Kisha logibuku: jina liwe la anayekuuzia, na umiliki uhamishwe kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla hujamaliza kulipa.

Tufike kwenye beila yenyewe. Ekari 14 zikikatwa mara mbili kwa mwaka, kwa kiasi kile cha marobota 150, ni marobota 4,200. Beila itayafunga kwa saa 28. Siku sita za kazi, kisha isimame mwaka mzima ikila kutu. Ndiyo maana sikwambii ukimbie kununua mpya peke yako. Angalia majirani wenye Boma Rhodes kati yako na Solai, au kuelekea Kampi ya Moto. Watu watatu au wanne wenye ekari 10 hadi 15 kila mmoja wanaweza kununua pamoja beila nzuri iliyotumika, na bado ikawa na nafasi ya kufungia wengine kwa malipo. Ile akiba uliyoiweka kando kwa kutonunua trekta ya hp 75 ndiyo inayokwenda hapa.

Unapoichagua, kazi yote iko kwenye vifungia fundo, vile vyuma vinavyofunga kamba ya robota. Injini ya trekta fundi yeyote ataitengeneza, lakini vifungia fundo vilivyolika vitakutesa hadi uiuze. Usikubali kuonyeshwa ikizunguka tupu. Peleka nyasi na kamba, zifungwe marobota 20 mfululizo, uhesabu yaliyofunguka. Kamba nzuri ya mkonge unaipata jirani, maana mashamba ya mkonge ya Mogotio hayako mbali na wewe, na kamba yenye unene usiolingana ndiyo chanzo cha nusu ya mafundo yanayokatika. Weka boksi la bolti za usalama, zile zilizotengenezwa kukatika mzigo ukizidi. Usibadilishe na bolti ngumu hata kama zimekatika mara tatu. Itakayokatika baadaye ni gia.

Mpaka hiyo beila ipatikane, usibaki mikono mitupu. Tengeneza maboksi matatu au manne ya mbao yenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kimo 45. Nyasi ikikanyagwa vizuri ndani, robota moja linatoka na kilo 20 hivi. Ni kazi ya mikono na ni ya polepole, lakini siku ile mwenye beila atakapokuambia "nakuja kesho" na wewe unaona mawingu, vijana wanane na maboksi manne wataokoa sehemu kubwa ya ekari moja, na iliyobaki irundikwe malundo marefu yaliyochongoka juu, mvua iteleze nje badala ya kuingia ndani.

Jambo la usalama ambalo siwezi kuliacha, na nakusemesha kama dada yangu. Shafti ya PTO inazunguka mara tisa kwa sekunde moja. Leso, kitambaa cha kichwa kinachoning'inia, koti la mvua lisilofungwa, kikishikwa huna hata muda wa kupiga kelele. Kifuniko cha plastiki cha shafti kiwepo na kizunguke bure, na mtu yeyote asifungue beila iliyoziba kabla PTO haijazimwa, injini haijazimwa na gurudumu zito la beila halijasimama kabisa. Waambie vijana wa kukodi hilo kila asubuhi ya kazi, hata kama walilisikia jana.

Mkikubaliana na majirani kununua beila, andikeni kabla ya kutoa pesa. Andikeni nani anaanza kufunga msimu ukianza, na zamu inavyozunguka msimu unaofuata. Andikeni kwamba hakuna anayeruhusiwa kukata nyasi zake kabla ya kuthibitisha siku yake ya beila, na kwamba kazi ya kulipwa kwa watu wa nje inangoja mashamba ya wenyewe yaishe. Amueni trekta ya nani itaivuta na analipwa kiasi gani kwa saa, beila inalala wapi, na nani pekee anayegusa vifungia fundo. Watakaokataa kuweka sahihi kwenye karatasi hiyo ndio ambao beila ingekwama kwao siku ya mawingu, kwa hiyo afadhali uwajue sasa.